Maji Haya Yametoka Wapi?

Kwetu Kilwa Kivinje, bibi hakutaka tuteke maji kisimani kwa pupa. Ukivuta ndoo mfululizo asubuhi, jioni chai ina chumvi. Pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari huko huko ardhini; ukiyakimbiza, ya chumvi yanapanda kushika nafasi. Nilipoanza kazi ya maabara kwenye visima vya gesi, nikaikuta kanuni hiyo hiyo ya bibi maelfu ya mita chini.

Chukua mfano wa Baghjan, jimbo la Assam nchini India: tarehe 27 Mei 2020, kisima cha gesi namba 5 kiliwashinda mafundi waliokuwa wakikitengeneza, gesi ikafoka. Juni 9 ikashika moto, na wazima moto wawili wakafa. Kilitulizwa Novemba 15, kwa kusukumiwa maji ya chumvi ndani.

Gesi inayofoka haina wa kuishika breki. Shinikizo lililoko mwambani karibu na kisima linashuka, na kama kuna maji yamelala chini ya gesi, yanainuka kama kichuguu mpaka kwenye matundu ya bomba. Hapo gesi iliyobaki inaweza kuzingirwa isitoke tena. Lakini maji yakitoka na gesi, si lazima yawe hayo ya chini: huenda ni mabomba yaliyopasuka, au saruji iliyoyashikilia mwambani imeachia, na maji ya tabaka za juu yanateremka. Huenda ni mvuke uliopanda na gesi ukapoa njiani. Tena huenda ni yale yale tuliyoyasukuma wenyewe kukituliza kisima!

Ndiyo maana naumia nikisikia kisima kinataka kuzibwa kwa saruji kabla hata chupa moja ya maji yake haijafika maabara. Natia matone ya nitrati ya fedha. Maji ya mvuke yanabaki angavu. Yenye chumvi yanafanya wingu jeupe. Kisha nasubiri, kwani chupa moja haitoshi. Maji tuliyoyasukuma hupungua siku baada ya siku. Yanayopanda kutoka chini huongezeka.

Kisima kimoja walikuwa wameshakikatia tamaa. Chupa ya siku ya kwanza ilifanya wingu zito kama tui la kwanza. Ya siku ya tisa, kwa matone yale yale, niliiinua dirishani nikasoma kalenda ya ukutani kupitia maji.