Msimu wa tumbaku ukiisha, pimeni kabla ya kukutana

Usoke, wilayani Urambo, ni mahali pa wapitaji. Zamani misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji. Kisha ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wanyamwezi wengi walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Siku hizi tumbaku ndiyo inayowaleta vibarua Urambo, wakiwemo wa kutoka Kigoma na Burundi, na vijana wetu nao hutoka kutafuta riziki migodini na mijini.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1987 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Virusi havina miguu, vilisafiri na watu.

Hatari inavyoingia

Kibarua hukaa shambani tangu kupanda mpaka kukausha majani kwenye mabani, miezi mingi mbali na mkewe. Mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, tumbaku ikishauzwa. Siku hiyo ana fedha mfukoni na upweke moyoni. Nyumbani nako, mke aliyeachwa bila matumizi anaweza kujikuta akimtegemea mwanamume mwingine ili watoto wale. Basi tusiwanyooshee vidole wageni. Mwenye VVU anaweza kukaa miaka akionekana mzima kabisa, na mwenzake akaambukizwa ndani ya ndoa yake halali.

Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa, mke anaweza kumvumilia mumewe aliye mbali kwa muda gani, kisha akawawekea askari wake kikomo cha kukaa vitani. Jambo hili ni la kale, na dawa yake ya kwanza ni kufupisha safari.

Nini kifanyike

Kwanza, anayesafiri aache masurufu, na atume mengine kabla hayajaisha.

Pili, mume akirudi, wapime wote wawili. Kipimo kinaweza kisionyeshe maambukizi mapya, hivyo warudie baada ya miezi mitatu. Katika muda huo wajizuie au watumie kondomu baina yao.

Tatu, anayetumia dawa za VVU asiondoke kimya kimya. Aombe barua ya uhamisho kliniki, au aulize kama anaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane tena kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Akiziacha, virusi hurudi. Mwezi wa Ramadhani, anayetumia kidonge kimoja kwa siku akubaliane na tabibu wake saa ya kukimeza usiku, wakati wa futari au daku.

Nne, mjamzito apime mapema pamoja na mumewe. Bila kinga, mtoto kati ya 15 na 45 katika kila mia huambukizwa na mama zao. Kwa dawa, idadi hiyo hushuka chini ya watano.

Maimamu na wazee wanaoozesha nao wawahimize wachumba kupima kabla ya nikah. Majibu lakini ni siri ya wenyewe, yasitangazwe msikitini wala barazani. Akijua kuwa siri yake italindwa, kijana atakuja kupima. Akiogopa kuaibishwa, atamficha hata mkewe.

Wabillahi tawfiq.