Jezi ya Taifa na Mfuko wa Mfanyakazi

Pale Buigiri, kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, vijana walikuwa wakicheza mpira jioni moja katika vumbi. Mmoja tu kati yao alivaa jezi ya bluu ya Taifa Stars. Ilikuwa ya mnadani: nembo imekwisha kubanduka nusu, na rangi inachujuka kwa jasho. Hata hivyo wenzake walimpa unahodha.

Wako ndugu watakaosema kwamba nguo haifungi bao. Ni kweli. Lakini Brazil, baada ya kushindwa na Uruguay mwaka 1950 wakiwa na jezi nyeupe, waliitupa rangi ile, na gazeti moja likawashindanisha wananchi kubuni nyingine. Jezi ya manjano ijulikanayo leo ilichorwa na kijana, Aldyr Schlee, wala si na kampuni.

Sisi tuna bluu, ambayo katika bendera ya mwaka 1964 ni alama ya maji yetu. Nayo ina hekima yake: Yanga wana kijani na manjano, Simba wana wekundu na weupe, na hakuna kati ya hao wawili awezaye kuidai bluu. (Azam watuwie radhi.)

Biashara yenyewe ilianza Uingereza mwaka 1974, kampuni ya Admiral ilipopewa haki ya kuivalisha timu ya taifa na kuwauzia washabiki jezi ile ile. Tangu hapo mtengenezaji hulipa, na mshabiki humrudishia. Hapa kwetu mwaka 2023 Simba waliipandisha jezi yao mpya hadi Mlima Kilimanjaro ili kuizindua!

Ni dhahiri kwamba jezi ya bandia haiipatii timu hata senti moja. Je, tumlaumu kibarua wa Buigiri? Jezi halali imewekewa bei ya mtu wa mshahara mkubwa. Mwaka 2027 Kombe la Afrika limepangwa kuchezwa hapa, Kenya na Uganda. Basi wahusika watoe jezi ya pili, ya bei nafuu, ya pamba ya Shinyanga na Simiyu, ishonwe na mafundi wetu na kuuzwa huko huko minadani. Wataalamu watasema wachezaji hawavai pamba siku hizi. Wachezaji na wavae wapendavyo. Hii ni ya watazamaji.