Mlinzi Umemrudisha?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la chama cha akiba na mikopo limo ndani ya kompyuta, na ufunguo wake ni neno la siri. Leo nazungumzia ufunguo huo.

Chama kimoja kiliniita nikiwekee phpMyAdmin. Hii ni programu iliyoanza mwaka 1998, nayo humwezesha mtu kutunza hifadhidata ya MySQL kwa kubofya, bila kuandika amri ndefu. Kompyuta yao ilitumia Ubuntu. Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, likatokea kosa namba 1819: neno la siri halitimizi masharti.

Nilishangaa, kwani sikuwa nimeandika neno lolote. Kumbe shida ilikuwa hapo hapo. Programu hiyo inapowekwa hujifungulia akaunti yake ndani ya MySQL. Ukiacha nafasi ya neno la siri tupu, hujitungia lenyewe, la herufi na tarakimu. Lakini MySQL inaweza kuwa na mlinzi, aitwaye validate_password. Asipopewa maagizo mengine, mlinzi huyo hudai neno lenye urefu usiopungua 8, na ndani yake ziwemo herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama kama vile ! au %. Neno lililotungwa halikuwa na alama, akalikataa. Hakuna kilichoharibika, mgeni na mlinzi hawakuelewana tu.

Dawa yake ni nyepesi. Sitisha kazi, anza upya, na safari hii andika mwenyewe neno lenye vitu vyote vinne. Ukitaka kujua mlinzi wako anadai nini hasa, ingia katika MySQL uandike SHOW VARIABLES LIKE 'validate_password%'. Naye atakusomea masharti yake yote.

Wako mafundi wanaopendelea njia nyingine. Katika MySQL ya toleo la 8 humwondoa mlinzi kwa amri ya UNINSTALL COMPONENT, humaliza kazi, kisha humrudisha kwa INSTALL COMPONENT. Njia hiyo nayo inafanya kazi. Mashaka yangu yako kwenye hatua ile ya mwisho.

Katika chama kingine nilikuta fundi aliyenitangulia amemwondoa mlinzi, akaenda zake. Neno la siri la mhasibu lilikuwa jina la chama na mwaka. Nikamrudisha mlinzi, nikajaribu neno lile: mlango ukafunguka! Mlinzi huyu hukagua neno siku linapowekwa tu. Yaliyoingia akiwa hayupo hayaulizi. Ikabidi nikae na mhasibu tuyabadili yote, moja baada ya jingine.

Ndugu msikilizaji, ndani ya daftari lile zimo akiba za wauza samaki na mafundi cherehani, shilingi baada ya shilingi. Mtu akiingia na kufuta deni lake au kupunguza akiba ya mwenzake, nani atajua?

Kwa hiyo fundi akikuambia kazi imekwisha, kabla hujamlipa muulize: mlinzi umemrudisha? Na maneno uliyoyaweka alipokuwa hayupo, umeyabadili?

Tukutane tena wiki ijayo.