Tabo Huifanyia Nini Pikapu Barabarani?

Katika magari yashukayo kivukoni Kilindoni zimo pikapu za dizeli zenye tabo. Wanafunzi hubishana juu ya chombo hiki: mmoja husema ni injini ya pili, mwingine husema huongeza mbio tu, na wa tatu hudai kuwa kinakula mafuta. Tena wako wazazi wanaofikiri kukifungisha katika pikapu zao kuukuu, zinazopakia nazi na samaki kwenda Dar es Salaam. Basi yafaa tujue kazi yake, faida yake na hatari yake.

Sote twajua kuwa moto hauwaki bila hewa. Mhunzi akitaka chuma kiive upesi huvuta mivukuto. Injini nayo ni hivyo hivyo. Bila msaada, hujivutia hewa yenyewe, na hewa hiyo ina kipimo chake. Ukizidisha mafuta, hayaungui yote, bali hutoka moshi mweusi. Lakini hewa ikisukumwa kwa nguvu ndani ya silinda, mafuta mengi zaidi yaweza kuungua, na nguvu huongezeka.

Njia za kuisukuma ni mbili. Ya kwanza ni supachaja, inayozungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Hutii upesi, lakini hula sehemu ya nguvu za injini. Ya pili ni tabo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu la pili, lililo katika mhimili ule ule, husukuma hewa ndani. Moshi uliokuwa ukipotea bure sasa wafanya kazi. Hii ndiyo njia ya pikapu nyingi za dizeli za siku hizi.

Tazama tofauti. Injini ya Toyota Land Cruiser iitwayo 1HZ haina tabo. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164, na nguvu zake hazizidi kilowati 100. Ile ya Toyota Hilux iitwayo 2GD ina sentimita za ujazo 2,393 tu, lakini kwa msaada wa tabo hufika kilowati 110.

Kutoka Kilindoni hadi Utende, safari fupi ya lami isiyo na milima, dereva hataona ajabu kubwa. Ajabu huonekana akivuka bahari hadi Nyamisati, akashika njia ya Dar es Salaam na mzigo nyuma. Penye mwinuko, gari lisilo na tabo hudai gea ya chini. Lenye tabo laweza kupanda katika gea ile ile. Akiendelea hadi mlima Kitonga na Iringa, atafika mahali palipo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Huko msukumo wa hewa umepungua karibu sehemu moja katika sita, na injini ya kawaida hudhoofika. Tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Je, hula mafuta? Dereva akienda kwa utulivu, injini ndogo yenye tabo hutumia mafuta kidogo. Akikanyaga mafuta bila kiasi, itakunywa kama injini kubwa.

Sasa tuzitazame hatari. Tabo hungoja moshi uongezeke kabla haijashika kasi. Gari lendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Likija jingine mbele kwa mwendo huo huo, nafasi baina yao hupungua mita 44 kila sekunde. Dereva anayelipita lori, na tabo ikachelewa sekunde moja, amekwisha kupoteza mita hizo 44.

Jambo la pili, tabo huongeza nguvu za kwenda, haiongezi nguvu za kusimama. Breki ni zile zile. Tumefundishwa darasani kuwa nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Ukitoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa, kasi imeongezeka robo tu, lakini nishati ambayo breki zapaswa kuimaliza imeongezeka zaidi ya nusu.

Kuhusu pikapu kuukuu, kumbukeni pampu ya baiskeli: hewa ikibanwa hupata joto. Injini iliyoundwa bila tabo haikupimiwa joto wala msukumo huo. Ikifungiwa na fundi asiye na ujuzi, pistoni zaweza kupasuka, na mwenye gari akapoteza mtaji wake wote. Hata ile iliyotoka kiwandani na tabo yataka oili safi, kwa maana magurudumu yale huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Baada ya mlima mrefu, iacheni injini ingurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili ipoze mhimili.

Kwa hiyo, mzazi unayewaza kununua tabo, anza kwa kukagua breki na matairi. Mzigo ukichelewa kufika Dar es Salaam hasara yake hulipika, lakini abiria uliowapakia hawana bei.