Lugha za Kompyuta: Ipi Hulinda Bohari?

Mvuvi wa Mucojo, pwani ya wilaya ya Macomia, husema Kimwani. Simu iliyo mfukoni mwake ina lugha zake nyingine. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Msumbiji mwaka 2013, na tangu hapo mume aliye kazini mbali huweza kumpelekea mkewe fedha za chakula pasipo kumtafuta msafiri mwaminifu. Yafaa basi jamaa za askari wajue kidogo kilichomo ndani ya chombo hicho.

Katika lugha kongwe, mashuhuri ni C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwaka 1972. Ni nyepesi na yenda mbio, hata simu ndogo yaweza kuibeba. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ni kama bohari ya kikosi, na C humwachia mwandishi wa programu funguo zote bila daftari. Akikosea hesabu, huandika katika rafu isiyo yake, au husoma kilichowekwa na mwingine. Hapo ndipo mwizi apenyapo. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba yapata asilimia 70 ya nyufa za usalama ilizoziba kila mwaka zilitokana na makosa ya namna hiyo. Na hao si wanagenzi, ni mafundi waliobobea!

Java, ya mwaka 1995, iliweka mfagiaji wa kukusanya vitu vilivyoachwa. Ni raha kwa mwandishi, ila ufagiaji hula muda. Rust, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2015, ilichagua daftari: kila kitu kina mwenyewe mmoja, anayeazima hujulikana, na programu iliyovunja kanuni hizo hukataliwa kabla haijaanza kazi. Wanaojifunza hulalamika kwamba ni kali kama sajini wa gwaride. Wana haki, kwani mwanzoni kazi huenda polepole; lakini saa hizo ni nafuu kuliko kusaka kosa katika mamilioni ya simu zilizokwisha kuuzwa.

Kampuni ya Google haikuitupa C. Iliziacha programu za zamani zilizopekuliwa kwa miaka mingi, ikaandika sehemu mpya za Android, mfumo unaoendesha simu nyingi, kwa lugha zilizo salama zaidi. Nyufa za kumbukumbu zilikuwa asilimia 76 ya nyufa zote za mfumo huo mwaka 2019. Mwaka 2024 zilikuwa 24.

Daftari hilo halimsaidii anayemtajia mgeni namba yake ya siri. Nayo simu isiyopokea tena masahihisho hubaki na nyufa zake, hata kama kioo chake kingali kinang'aa.