Ngeli za Mashujaa: Uundaji wa Fani za Wahusika katika Mchezo wa Masimulizi

Neno moja la Kiingereza hutumika kuwataja wanafunzi wa chumba kimoja, kuwagawa mabwanyenye na makabwela, na kupanga nomino kwa viambishi vyake. Kiswahili kimeyatenga mambo hayo matatu kwa maneno darasa, tabaka na ngeli. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo wa Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, neno hilohilo la Kiingereza lilitwishwa kazi ya nne, yaani kuainisha wahusika wa mchezo. Katika mchezo huo watu huketi mezani na kusimulia pamoja. Mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi; wengine, kila mmoja humsemea mhusika wake, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu.

Katika mhadhara huu aina hiyo ya mhusika itaitwa fani, ingawa wanafasihi wamekwisha kulizoea neno hilo likiwa pacha wa maudhui. Kwa utendaji wake, hata hivyo, fani ya mhusika inafanana zaidi na ngeli. Nomino ikishaingia katika ngeli yake, msemaji hana tena hiari juu ya kivumishi, kionyeshi wala kitenzi kitakachoifuata; vyote hupatana nayo. Vivyo hivyo, mchezaji akishachagua fani, mambo mengi hujiamua yenyewe. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 1978, uhai wa askari hupimwa kwa dadu ya pande 10, wa kasisi kwa dadu ya pande 8, wa mwizi 6, na wa mtumia sihiri 4. Silaha, mavazi ya vita na kasi ya kupanda daraja hufuata mkondo huohuo.

Fani za mwanzo zilikuwa tatu tu: askari, mtumia sihiri na kasisi. Askari alikuwa imara tangu siku ya kwanza. Mtumia sihiri alianza na sihiri moja tu kwa siku, na akishaitumia hakubakiwa na kitu isipokuwa kisu. Lakini aliyevumilia hadi madaraja ya juu aliweza kuteketeza jeshi zima. Ili kufika daraja la pili askari alihitaji pointi 2,000, mtumia sihiri 2,500, na kasisi 1,500. Ulinganifu, basi, ulitafutwa katika maisha yote ya mhusika, si katika pambano moja. Mtu anayeuhukumu mpango huo kwa kutazama mchezo wa jioni moja hauelewi.

Kuhusu kasisi, inasimuliwa kwamba alizaliwa katika meza ya Arneson huko Minnesota, pale mchezaji mmoja aliyekuwa na mhusika mnyonya damu alipozidi nguvu wenzake wote. Palihitajika mtu wa kumfukuza mnyonya damu huyo. Fani ambayo leo hudhaniwa kuwa nguzo ya mchezo ilikuwa, basi, jibu la tatizo la meza moja.

Mwizi alipoongezwa mwaka 1975, jambo zito zaidi lilitokea. Fani hiyo ilipewa uwezo wa kufungua makufuli, kutegua mitego, kunyata na kujificha gizani, kila mmoja ukiwa na asilimia yake ya kufaulu. Kabla ya hapo, mchezaji yeyote aliweza kumwambia mwamuzi kwamba anavua viatu na kupita polepole kando ya ukuta, na mwamuzi akapima kama hilo linaingia akilini. Baada ya hapo, askari aliyetaka kunyata aliweza kujibiwa kwamba hiyo ni kazi ya mwizi. Naye mwizi hakunufaika sana: kwa kanuni za 1978, mwizi wa daraja la kwanza ana asilimia 10 tu ya kufaulu kujificha katika kivuli. Uwezo uliokuwa mali ya wote ukawa haki ya mmoja, tena haki hafifu. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika uundaji wa fani. Mbunifu anapoandika kwamba fulani anaweza, anaandika pia, kwa wino usioonekana, kwamba wengine hawawezi. Haishangazi kwamba mwaka huohuo wa 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest, ambao uliachana na fani kabisa na kumwachia kila mhusika stadi zake azikuze kwa kuzitumia.

Kwa mtu anayetaka kubuni mchezo wa namna hii kwa Kiswahili, ugumu huo huongezwa na majina. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, lilitenganisha wenye sihiri wawili: mmoja ameisoma vitabuni, mwingine amezaliwa nayo. Toleo la mwaka 2014 lina pia wa tatu, aliyeipata kwa mapatano na kiumbe mwenye nguvu. Kigezo ni chanzo cha nguvu. Kiswahili hakianzii hapo. Huanzia kwenye lengo. Mganga huponya na mchawi hudhuru, hata kama wote wawili wanajua mizizi ileile. Kumwita msomi wa sihiri mchawi ni kumhukumu kabla hajatupa dadu. Tena neno hilo si la mchezo tu: Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi.

Jina la mganga nalo lina tatizo lake, ambalo ni la kiufundi. Mganga huponya, hupiga ramli, hupunga pepo na hutoa hirizi. Akiingizwa mchezoni mzimamzima atameza kazi za kasisi na za mtumia sihiri kwa pamoja, na wachezaji wengine watabaki watazamaji. Njia moja ni kuzigawa kazi hizo: mpiga ramli awe fani yake na mtaalamu wa mitishamba awe fani yake. Njia bora zaidi ni mwiko. Mganga mwenye miiko huipoteza nguvu ya dawa yake akiivunja, na kikwazo cha namna hiyo hakihitaji kufafanuliwa kwa msikilizaji wa Kiswahili. Kasisi wa Gygax, aliyekatazwa silaha zenye makali, kwa kweli alikuwa na mwiko bila kuuita hivyo.

Majaribio magumu zaidi yangetolewa na Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake ulitungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo ni mpiga mishale, jitu la nguvu na malenga kwa wakati mmoja. Kitabu cha 1978 kilimweka malenga katika kiambatisho, tena kwa sharti kwamba awe askari kwanza, kisha mwizi, ndipo afikie ushairi. Liyongo hakupita ngazi hizo. Yeye ni kama nomino kifaru, yenye umbo la KI-VI ilhali kitenzi chake hupatana na A-WA. Na kifo chake, kwa sindano ya shaba kitovuni kutoka kwa mwanawe mwenyewe, hakipimiki kwa dadu za uhai, ambazo hupungua kwa kila pigo bila kujali linatoka kwa nani. Atakayemwandikia Liyongo fani itambidi aandike kwanza ni nani mezani anayeijua siri ya kitovu, na kwa njia gani mwingine anaweza kuipata.