Mwenda kwa Miguu na Jua la Mchana

Oktoba na Novemba ni miezi ya jua kali hapa kwetu Songea. Nchi imekauka, na mvua bado. Lakini safari hazingoji mvua: twakwenda sokoni, Misa, au kutazama mgonjwa, na wengi wetu twakwenda kwa miguu. Toka Songea mjini hata Peramiho ni kama kilometa 24, mwendo wa saa tano hivi kwa mtu mwenye nguvu.

Nchi yetu huwadanganya wasafiri. Iko juu, zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari, na asubuhi yake ni baridi. Basi mtu huondoka amevaa koti, bila maji. Kwenda ni raha. Hatari ni kurudi saa saba mchana, kichwa wazi na koo kavu.

Mwili wa mtu una joto la kama digrii 37. Likizidi, hutoka jasho, na jasho likikauka juu ya ngozi hupoza mwili. Maji yakipungua mwilini, joto hupanda, na likifika digrii 40 hata ubongo hudhurika. Mwaka 2024, katika Hija ya Makka, serikali ya Saudia ilitangaza kuwa watu 1,301 walikufa. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Joto la kule lapita la kwetu, lakini mwili wa mtu ni ule ule.

Basi, ondoka alfajiri, na toka saa sita hadi saa tisa pumzika kivulini. Vaa kofia au jitande kanga nyepesi. Chukua maji, unywe kidogo kidogo kabla ya kushikwa na kiu. Togwa ni nzuri, ila pombe iache. Wakumbusheni wazee kunywa, maana wao hawasikii kiu upesi. Mtoto wa mgongoni usimfunike gubigubi. Na aliye chini ya miezi sita apewe ziwa la mama mara kwa mara, si maji.

Mwenzako akishikwa na kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, mketishe kivulini na kumpa maji. Yafaa zaidi kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Lakini akianza kusema ovyo, kuyumba au kuzimia, hapo ni hatari ya kifo. Msiseme amelewa, wala amelogwa. Mpozeni kwanza, pale pale. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Hata maji ya mtoni yasiyofaa kunywa yafaa kwa kazi hii. Mmoja wenu akatafute gari au pikipiki ya kumpeleka hospitali, na njiani endeleeni kumpoza. Asiyejifahamu asinyweshwe kitu, wala vidonge vya homa havimsaidii.

Mwenda pole hajikwai. Jua likiwaka, keti chini ya mwembe bila haya. Heri watu wa nyumbani wakungoje mpaka jioni kuliko kuletewa habari mbaya mchana.